Niliziwekea fremu picha za dining, mume wangu akamtajia mgeni fundi wa Mjini

Wakuu, hamjambo humu.

Mnaotaka kuniamkia, marahaba nimeshaitikia kwa wote kwa mkupuo, maana naelekea miaka tisini na humu sidhani kama nina wakubwa wengi.

Mimi ni msomaji wa kimya wa siku nyingi. Nasoma nyuzi za ndoa, nyuzi za kilimo, na zile za mafundi kuwatapeli watu. Juzi kuna binti alileta uzi akiuliza apange vipi picha za ukutani kwenye dining yake. Mkamjibu wengi. Mmoja akamwambia apakue app, mwingine akamwambia aweke saa kubwa katikati.

Nikaona na mimi nina langu kuhusu picha za dining. Ila langu liliingiliana na ndoa, ndiyo maana nimelifungulia uzi wake.

Hili lilinipata mimi mwenyewe. Wengine wote waliokuwepo wamekwishatangulia mbele za haki, kwa hiyo shahidi sina. Sababu ya kuwadanganya pia sina, umri huu nitapata faida gani.

Naandika kwa kidole kimoja, herufi zikiruka mnisamehe.

Basi.

Ilikuwa miaka ya hamsini, zama za Mwingereza. Mimi kwetu ni Mkuza, Kibaha. Najua Mkuza mnayoijua nyie ni viwanja, fremu za maduka na bodaboda. Ya kwetu ilikuwa mihogo na mikorosho, barabara ya Morogoro inapita, na ng'ambo yake mashamba ya mkonge ya Wazungu.

Baba yangu, Mzee Kibwana, alikuwa seremala. Milango, vitanda, masanduku ya mabibi harusi. Hakujaliwa mtoto wa kiume, na macho yakaanza kumfifia mimi nikiwa kigori.

Akaanza kuniita nimwonyeshe mstari wa penseli ulipo. Baadaye akanipa nishike mbao. Mwisho nikawa nakata mwenyewe, na yeye anapitisha kidole gumba kwenye kona kuona kama mbao zimekutana. Zisipokutana anarudisha nirudie.

Mama alilalamika kwamba mtoto wa kike mwenye vumbi la mbao kichwani atakosa mume. Baba akamjibu kwamba mume akija atakuta mlango uko tayari.

Mume alikuja. Alikuwa karani katika ofisi ya serikali pale Kisarawe, kijana msafi, suruali imenyooka. Hapa nitamwita Shomari ili mnielewe. Enzi zetu mke hakumtaja mumewe kwa jina. Mimi nilimwita Bwana, na mpaka namzika sikumwita vingine.

Nikahamia Kisarawe.

Nyumba ya Shomari ilikuwa ya miti na udongo, amepiga lipu ya chokaa ndani na nje, bati juu. Kwa wakati ule hiyo ni nyumba. Na kwa sababu alikuwa ameziona nyumba za maofisa, akatenga chumba kizima akasema hiki ni cha kulia chakula. Baba akatupa meza na viti.

Waliokula kwenye meza ile ni Shomari na wageni wake wanaume. Mimi nilikula uani, kwenye mkeka, kama wanawake wengine wote. Hakuna aliyenikataza kukaa mezani, na hakuna aliyenikaribisha. Wala sikuwa nawaza habari hiyo.

Sasa picha.

Kulikuwa na Mzungu meneja wa shamba moja la mkonge huko Kibaha, anarudi kwao. Shomari alikwenda pale kikazi akamkuta anagawa vitu. Akamwonyesha sanduku la picha zilizochapwa kwa rangi, picha nzuri, lakini fremu zake zote zimeliwa na mchwa. Akamwambia achague.

Juu kulikuwa na farasi, mbwa, na Wazungu wanawinda. Shomari akazipita hizo. Kwetu kiumbe chenye roho hatukitundiki ukutani, na baba yake asingekanyaga tena nyumba ile.

Chini kabisa akakuta seti ya picha sita za mimea. Pamba, mkahawa, mkarafuu, nanasi, mkakao na mchaichai. Kila mmea umechorwa na mizizi yake, majani, ua, na penye tunda, tunda limepasuliwa uone mbegu. Ukiitazama ile pamba unatamani kuichambua.

(Mjukuu wangu anakaa Picha ya Ndege, mtaa wa huko Kibaha. Nilipomsimulia habari hii mara ya kwanza aliniuliza mbona hakuna ya ndege. Nikamwambia hiyo umeichukua wewe na stendi yake.)

Shomari alipita Mkuza na picha zake kumwomba baba azitengenezee fremu. Baba alizipapasa karatasi kingo zake, akasema macho yake hayawezi tena kazi ya namna hiyo. Akampa vipande vya mninga vilivyobaki kwenye karakana, na kile kisanduku cha kukatia kona, akamwambia azipeleke kwa Tatu.

Tatu ndiyo mimi.

Nataka mjue kwamba Shomari hakupinga. Alifurahi, akanifungia mbao zile kwenye baiskeli mpaka Kisarawe.

Kazi yenyewe niliifanyia uani, asubuhi akishaondoka. Majirani walisikia msumeno wakadhani baba amekuja kututembelea.

Kwa wale mnaotaka mambo ya ufundi, nieleze kidogo.

Vioo alivinunua Shomari kwenye duka la Mhindi Mjini, yaani Dar, kwa vipimo nilivyompa kwa utepe wa cherehani. Akavisafirisha ndani ya godoro la sufi juu ya lori. Kimoja kikafika kimepata ufa pembeni. Kununua kingine ilikuwa safari nyingine, kwa hiyo nikaamua kupanua ubao wa fremu ufunike ule ufa. Na kwa kuwa ni seti, ikabidi zote nizipanue. Watu waliozisifia baadaye walisifia sana ule upana. Ulitokana na kioo kilichopasuka.

Nyuma nilifunga mbao nyembamba za makasha ya majani ya chai. Gundi ya unga wa muhogo sikuitumia, mende wanaila pamoja na picha. Nilichemsha gundi ya ngozi, ile inayonuka. Kucha zangu zilikaa na gundi hiyo kwa muda.

Shida kubwa ilikuwa ukuta. Ukuta wa udongo haushiki msumari. Ukigonga unamega lipu, na ukiona umeshika, baada ya muda picha inakuja chini yenyewe. Nikagonga ukutani kwa kifundo cha kidole kutafuta nguzo zilipo, halafu nikapigilia papi moja ndefu, yaani ubao mwembamba, kutoka nguzo mpaka nguzo, chini kidogo ya mtambaapanya, ule mti unaolala juu ya ukuta kubeba paa. Picha zikaning'inia kwenye papi kwa kamba za katani.

Kabla ya kuzipandisha nilizilaza chini kwenye mkeka, nikawa nazihamisha. Nanasi lilinisumbua. Lilikuwa zito kwa macho, ukiliweka pembeni ukuta mzima unaonekana umeinama.

Mimi nilitaka safu mbili, tatu juu na tatu chini. Shomari alitaka safu moja ndefu, juu, kama picha ya Malkia ilivyotundikwa ofisini kwao. Nyumba yake, nikaziweka juu.

Hata hivyo zilipendeza. Nilisimama mlangoni nikazitazama mpaka wali ukaungua.

Sasa yule mgeni.

Shomari alikuwa na mkubwa wake wa kazi, karani mkuu, Bwana Mwinshehe. Mtu mzima, mtaratibu, wanamheshimu Kisarawe nzima. Shomari akamwalika chakula cha mchana. Nilipika wali wa nazi, kuku, na mchicha, na tangu asubuhi Shomari alikuwa ananifuata jikoni kuuliza kama chumvi imetosha.

Mgeni akafika, akaingia chumba cha kulia. Mimi nipo nyuma ya pazia la mlango na sinia mkononi, nangoja wamalize salamu niingie.

Halafu nikasikia hatua zake zinafuata ukuta, picha baada ya picha. Akasema fremu za ofisini kwao zote zina mwanya kwenye kona, hizi hata wembe haupiti. Akasema rangi ya mbao imeachwa ilivyo, haikupakwa vanishi hovyo. Akasifia mpaka zile kamba.

Kisha akauliza, "Nani amekufanyia kazi hii, Shomari?"

Wakuu, nilijikuta natabasamu peke yangu nyuma ya pazia.

Shomari akasema, "Kuna fundi mmoja wa Mjini. Hodari sana."

Nikaingia. Nikaamkia. Nikaweka sinia mezani, na kwenye kucha zangu gundi ilikuwa haijatoka yote. Bwana Mwinshehe akanishukuru kwa chakula. Shomari alikuwa anatazama dirishani.

Nikatoka.

Nimerudi, nilikwenda kuswali.

Naona mmoja ameshaniuliza kama nililia. Sikulia. Ningejua nimeibiwa nini labda ningelia. Mtu akikunyang'anya kuku unamwona kuku yuko mikononi mwake. Mimi picha zilikuwa zangu, nyumba naishi mimi, mume ni wangu. Lakini kila nikipita chumba kile nahisi kama nimeingia nyumba ya watu.

Kesho yake asubuhi alipokwenda kazini nilipanda juu ya kiti nikazishusha zote. Nikazifunga kwenye khanga, nikazisukuma chini ya kitanda. Ikabaki papi tupu.

Mchana akarudi. Akaingia chumba cha kulia, akakaa, akainua kichwa. Akaniita.

"Picha ziko wapi?"

"Fundi wako wa Mjini kaja kuzichukua."

Alinitazama. Mimi nikamwekea maji ya kunawa.

Alikula taratibu sana siku hiyo. Alipomaliza akasema, kwa sauti ndogo, kwamba nijaribu kumwelewa. Kule ofisini makarani wanataniana kwa kila kitu. Wakisikia mke wake anapiga randa watasema yeye nyumbani anasuka mikeka. Akasema neno lilimtoka kabla hajalifikiri.

Nikamwambia nimesikia. Na kweli nilisikia. Shomari hakuwa mtu mbaya, sikuwahi kumwona akimkemea hata mtoto wa jirani. Alikuwa mwoga wa kuchekwa, basi. Lakini picha sikuzirudisha, na yeye hakuziulizia tena.

Tulikaa hivyo. Tunasalimiana, tunaulizana habari za chumvi na mafuta ya taa, na ukuta mweupe unatutazama.

Kumbe Bwana Mwinshehe hakumsahau yule fundi.

Alikuwa anamwoza binti yake, na wakwe walikuwa wanatoka Bagamoyo. Alikuwa na picha zake nne, za Makka na Madina na aya zilizochapwa kwa dhahabu, ndugu yake alimletea alipotoka kuhiji. Alitaka zitiwe fremu kama zile za kwetu, zitundikwe kabla wageni hawajafika. Akamwomba Shomari amwite fundi.

Shomari akasema fundi ni mgonjwa. Baada ya siku kadhaa akasema fundi amesafiri Tanga. Mwisho Bwana Mwinshehe akamkabidhi picha zenyewe mkononi, akamwambia azifikishe popote fundi alipo, anamwamini.

Akaja nazo nyumbani. Zimeviringishwa kwenye kitambaa cheupe.

Akaniomba nizifanye. Akasema atanunua vioo, atatafuta mninga mzuri, nitafanya uani kama zile za kwanza, na hakuna atakayejua.

Jamani, kukataa kazi ya picha ya Makka si jambo dogo. Nilizifungua, nikaziona zile kuba na minara, na vidole vyenyewe vikawa vinapima. Nilikuwa najua nitapanua fremu kiasi gani. Nilikuwa najua nitaanza na ipi.

Nikazikunja, nikazirudisha kwenye kitambaa chake.

"Mpelekee fundi wa Mjini," nikamwambia. "Mimi sijawahi kutengeneza fremu katika nyumba hii."

Akakaa kitini akashika kichwa. Alikuwa kweli amekwama. Akisema picha zimepotea, ni picha za hija. Akizirudisha bila fremu, atasema nini tena. Na huyu ndiye mtu aliyekuwa anamwandikia neno jema kwa wakubwa ili apandishwe cheo.

Kesho yake akapanda baiskeli akaenda Mkuza kwa baba yangu. Hakuniaga anakwenda wapi. Nilikuja kuambiwa na mama.

Alimkuta baba amekaa nje ya karakana. Akamweleza shida yake, lakini akaieleza nusu. Akasema tu kuna kazi ya haraka ya mtu mkubwa. Baba akamuuliza kwa nini asimpe Tatu. Shomari akasema Tatu amekataa. Baba akamuuliza kwa nini Tatu amekataa. Hapo ndipo ikabidi aseme yote.

Mama alisema yeye mwenyewe aliona aibu, akaingia ndani. Kisha akamsikia baba anasema, "Mkwe, nilipokuoza binti yangu nilikuoza na mikono yake. Wewe umechukua mke, mikono umeniachia mimi?"

Akampa muhogo wa kuchoma, akamwambia aondoke mapema njia ni mbaya.

Ijumaa ya wiki ile nilikuwa natwanga kisamvu nikasikia hodi. Shomari ametoka msikitini, na yuko na Bwana Mwinshehe. Hakuniambia kama anakuja na mgeni. Nilikuwa sina hata kitoweo cha maana.

Wakaingia chumba cha kulia. Nikasimama nyuma ya pazia lile lile, safari hii na mchi mkononi.

Bwana Mwinshehe akauliza picha zimekwenda wapi.

Shomari akasema, "Zipo. Amezishusha mwenyewe aliyezitengeneza. Ni mke wangu. Hakuna fundi wa Mjini, nilikudanganya."

Maneno yalimtoka kwa mkupuo kama mtu anayemeza dawa chungu.

Nilisikia kiti kinavutwa, mzee akakaa. Nikaanza kuogopa. Nilikuwa nimetaka aseme, lakini sikuwa nimefikiria itakuwaje akishasema. Huyu ni mkubwa wake. Angeweza kuondoka pale na picha zake na jina la Shomari likaishia hapo.

Bwana Mwinshehe akasema, "Siku ile nilimshukuru kwa chakula. Kwa ukuta nikamshukuru mtu ambaye hayupo." Halafu akasema, "Muite nimsalimie."

Nilitupia ushungi, nikaingia, nikamwamkia. Akaitikia. Akaniuliza nilijifunza kwa nani, nikamtaja baba. Akasema mlango wa nyumba ya mama yake aliutengeneza Mzee Kibwana wa Mkuza na mpaka leo haujapinda.

Kisha akaniuliza kama nitaweza kumfanyia zile zake kabla ya harusi.

Sikumtazama Shomari nipate ruhusa. Nilitazama chini, kwa adabu, nikasema nitaweza, ila namwomba mkewe aje kwanza, au mimi niende kwake, aniambie mwenyewe anataka zikae wapi, kwa sababu ndiye anayeishi na kuta zile kutwa.

Akacheka kidogo. Akasema, "Hilo sikulifikiria."

Alipoaga, Shomari alimsindikiza. Yaliyosemwa njiani Shomari mwenyewe alinisimulia jioni. Mzee alimwambia kwamba hakuchukia habari ya mke fundi. Alichukia kwamba jambo dogo hivi limehitaji ugonjwa na safari ya Tanga. Akamwambia kuanzia leo akimuuliza kitu ofisini itabidi amuulize mara mbili.

Na kweli alikuwa anamuuliza mara mbili. Ilichukua muda mrefu. Cheo alichokuwa anakingoja alipewa mwenzake, yeye akakipata baadaye sana. Sitawaambia kwamba ukisema kweli kila kitu kinanyooka siku hiyo hiyo.

Na kuchekwa alichekwa, vile vile alivyokuwa anaogopa. Pale kwenye kahawa wakampa jina, Mume wa Fundi. Wengine walimuuliza kama akichelewa kurudi anapigwa randa. Mwanzoni alikuwa anarudi nyumbani uso umemshuka. Halafu siku moja nikamsikia barabarani mtu anamwita hivyo, naye anaitikia, "Naam, sema."

Jioni ile ya Ijumaa, kabla ya hayo yote, aliniuliza kama nitazirudisha picha ukutani.

Nikamwambia nitazirudisha, lakini safu mbili, na chini zaidi. Akauliza chini kiasi gani. Nikamwambia chumba hiki watu wanakaa, hawasimami, kwa hiyo akae kitini aniambie macho yake yanafika wapi. Akakaa. Nikapandisha, nikashusha. Akasema hapo.

Kisha akasimama, akanivutia kiti cha pili, akasema, "Na wewe kaa uone."

Nikakaa. Nanasi lilikuwa katikati, chini, mahali pake. Tukatazama ukuta, tunasahihishana, hiyo ya mkahawa imelala kushoto, hapana, ni kamba. Kisamvu kilikuwa jikoni kimeiva. Nikaenda kukipakua nikakileta pale pale, na kwa kuwa tulikuwa bado tunabishana habari za kamba, tukala.

Tulipomaliza ndipo nikatambua nimekula mezani. Yeye nadhani alitambua mapema.

Za Bwana Mwinshehe nilizimaliza kwa wakati. Mkewe, Bi Mwanaidi, alikataa zisikae barazani kwa wageni wanaume kama mumewe alivyotaka. Alisema Makka ikae ukumbi wa ndani, na yeye aione akiamka. Ikakaa huko, wakwe wa Bagamoyo wakapitishwa ndani kuitazama.

Baada ya harusi wanawake wakaanza kuniletea. Wengi vioo vya kujitazamia, wengine aya, mmoja cheti cha mwanawe cha shule. Sikuwa tajiri kwa kazi hiyo. Lakini nilikuwa fundi, na watu wakiniulizia Kisarawe walisema kwa fundi Tatu.

Mmoja ameuliza kama picha bado zipo. Mchwa walizila mbili, pamba na mchaichai, tulipokuwa tumesafiri. Zilizobaki nimewagawia watoto. Nanasi liko Sofu, huko huko Kibaha, kwa binti yangu wa mwisho, amelitundika juu mno, nimemwambia hasikii.

Shomari alikufa mtu mzima, tumeishi vizuri. Na lile kosa lake alilitengeneza mpaka likawa kero. Mgeni yeyote, hata hajakaa, "Hizi kafanya mke wangu." Kuna mtu alipita kuulizia ng'ombe wake aliyepotea, Shomari akamvuta ndani aonyeshwe ukuta kwanza. Ng'ombe sijui kama alipatikana.

Nilichojifunza, wakuu, ni hiki. Ukisifiwa kwa kazi ya mwenzako, mtaje pale pale, kabla mate hayajakauka. Ukichelewa dakika moja utahitaji ugonjwa na safari ya Tanga.

Na wewe uliyefanya kazi, usipotajwa, huna haja ya kupiga kelele wala kufunga mizigo. Shusha picha. Watauliza wenyewe.

Na wewe binti wa ule uzi wa dining, pima ukiwa umekaa.

Haya, nimechoka kidole. Nanyi semeni, hasa wanaume. Kuna kazi ya mkeo uliyoipokelea sifa ukanyamaza? Na wanawake, nyie mlishusha nini? Mkinitukana nitasoma, mkiniuliza nitajibu taratibu, miwani yangu ina ufa.